Khanga za Umoja

Bi Mwatumu binti Abass hakuwahi kutunga wimbo pasipo mtu wa kumkasirisha. Jambo hilo alilijua tangu ujana, lakini alilijua kama alivyoijua rangi ya mlango wake mwenyewe. Hakuwa na sababu ya kuliwaza. Alikuja kuliwaza ukubwani, mvi zimeshamtoka, wakati alipokuwa na kila kitu ambacho mwimbaji wa vugo angeweza kukitamani: khanga za sare, ngoma mpya, chumba cha mazoezi chenye kufuli, na lori la kumpeleka kokote anakoalikwa. Alikuwa na vyote hivyo, na hakuwa na wimbo.

Nyumba yake ilikuwa Mabawa. Uani palikuwa na mafiga na sufuria kubwa lililobonyeabonyea, na humo alichemsha tui mpaka likakatika na kutoa mafuta. Nazi zilitoka Mwera, upande wa Pangani, alikozaliwa. Alikuja Tanga akiwa bibi arusi wa Tahiri, fundi wa reli, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Na nyuma yake zikafuata nazi, kwanza za zawadi, baadaye za biashara. Harufu ya mafuta ilikaa kwenye nywele zake, kwenye mapazia, kwenye mto wa kulalia. Waliompenda walisema ananukia kwao. Wasiompenda walisema maneno hayohayo kwa sauti nyingine.

Vugo ni ngoma ya wanawake, ya arusi. Kila mwanamke hushika pembe ya nyati mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, wakapita mtaani wakizigonga na kuimba. Siku zile kila arusi ilikuwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na kundi lake. Mabawa walikuwa na Waridi, kundi la Bi Mwatumu. Msambweni walikuwa na Kidani, kundi la Bi Tuhfa. Makundi yakikutana njiani, moja hutupa wimbo wa kejeli na jingine hupokea na kujibu. Kama jibu halikupatikana palepale, lilitakiwa lifike kabla bibi arusi hajatoka fungateni, zile siku saba za kukaa ndani na mumewe. Fungate ikiisha kimya, aliyeimbiwa ameshindwa, na watoto wa mtaa watauimba wimbo ule mpaka nao waoe.

Tuhfa ndiye aliyeanza. Mwatumu alikuwa mgeni mjini, hata majina ya vichochoro hajayashika, aliposimama upande wa Mabawa katika arusi moja na kumsikia mwanamke mrefu mwembamba, mwenye mwanya, akimtazama usoni na kuimba:

Mgeni katoka Mwera, makumbi yamo nyayoni,
kajimwagia mafuta, kang'ara hadi usoni,
taa za barabarani hatuzitaki mjini.

Mtaa ulicheka hata wazee wa barazani wakaacha bao. Mwatumu alirudi nyumbani, akakaa mbele ya sufuria, akalia mpaka machozi yakakauka yenyewe kwa joto la moto. Kisha akaanza kuuliza. Huyu Tuhfa ni nani? Akaambiwa ni Mpemba, baba yake alihamia Tanga na jahazi la chumvi, na kwamba hapiti mbele ya watu watatu bila kuwakumbusha kuwa kwao wana mikarafuu. Siku ya tano ya fungate, Mwatumu alikwenda Msambweni na wanawake wa Mabawa nyuma yake:

Nang'ara kwa jasho langu, nazi yangu nakamua,
na wewe wa karafuu, harufu hatujajua,
tuletee tawi moja, mji upate tambua.

Tangu siku hiyo hawakusalimiana kwa miaka isiyopungua ishirini. Wakikutana sokoni, mmoja alivuka upande wa pili. Na katika miaka hiyo hakuna aliyemjua Tuhfa kuliko Mwatumu. Alijua amefokeana na mkwe gani, ameungua mkono kwa kashata gani, amenunua kitanda kwa nani na mguu upi umelegea. Tahiri alikuwa akisema, akitabasamu ndani ya kikombe chake cha kahawa, "Mke wangu, mimi nimeshona kiraka suruali hii mwezi mzima hujakiona. Tuhfa akibadili utambi wa taa, wewe unayo habari."

"Wewe utanijibu nini nikikuimbia?" alimwambia. "Utakohoa tu."

Ugomvi ule ulikuwa na sheria yake, na hakuna aliyepata kuivunja. Kilichosikika bombani, kilichoonwa barazani, kilichonong'onwa sokoni, hicho ni mali ya vugo. Lakini neno ambalo mtu amekuambia mwenyewe, mmekaa mkeka mmoja, amekuamini, hilo haliingii kwenye pembe. Mwimbaji aliyevunja sheria hiyo asingeitwa hodari. Asingeitwa kabisa, hata kwenye msiba.

Ikaja miaka ya dhiki. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi. Sukari ilitolewa duka la kaya kwa foleni iliyoanza alfajiri, na khanga, ambazo bila hizo mwanamke wa pwani haolewi wala hazikwi kwa heshima, zikawa za kibali. Waridi walikwenda arusini na khanga zisizofanana, nyingine zimepauka hata jina lake halisomeki. Kidani hali ilikuwa hiyohiyo. Walikutana njiani, wakatazamana, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumcheka mwenzake kwa nguo.

Ni wakati huo alipokuja Fanueli. Alikuwa kijana wa Kibondei, kwao Muheza, ofisa wa utamaduni. Alipanda baiskeli yenye kengele kubwa kuliko taa yake, na mjini walimwita Bwana Utamaduni. Alipiga hodi kwa Bi Mwatumu akakaribishwa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mafuta? Yameisha."

"Nimefuata pembe," alisema Fanueli.

Akaeleza. Serikali ilikuwa na mpango wa kuviinua vikundi vya ngoma kabla havijafa na dhiki. Kikundi kitakachoingia kitapata ruzuku kila mwaka: doti za khanga kwa kila mwanachama, ngoma, usafiri wa kwenda kwenye matamasha, chumba cha mazoezi nyuma ya ukumbi wa mji. Alizungumza kwa moyo mweupe, na kweli alikuwa na moyo huo. Alipenda vugo kuliko watu wengi waliozaliwa ndani yake. Kulikuwa na sharti moja tu. Vugo la Tanga lilitengewa nafasi moja. Waridi na Kidani waungane.

"Kwani wakubwa wako hawajui kuhesabu?" aliuliza Bi Mwatumu. "Sisi ni wawili."

"Kwenye mpango mnaonekana kitu kimoja kilichorudiwa, mama."

Walikutana katika darasa la shule, wanawake wa Mabawa wamekaa madawati ya kulia, wa Msambweni kushoto, wote wamebana magoti kwa sababu madawati yalikuwa ya watoto. Fanueli alisoma kuhusu urithi wa taifa. Alipomaliza, kimya. Ndipo Mwanasiti, mpiga ngoma wa Waridi, mwanamke mnene asiyeweza kuvumilia kimya, akainuka nusu.

"Bwana Utamaduni, khanga zenyewe zipo au zinakuja?"

"Zipo. Zimo bohari."

"Umeziona kwa macho?"

"Nimezishika."

"Basi mie tangu sasa Tuhfa ni dada yangu tumbo moja."

Watu wakacheka. Tuhfa akasema kutoka upande wake, bila kugeuza shingo, "Siye Wapemba hatuna undugu na kitu kitokacho Mabawa. Lakini khanga n'tavaa."

Bi Mwatumu hakucheka. Alikuwa akimfikiria Rahila, binti yake wa pekee, aliyekwishaposwa, na sanduku lake la arusi lililokuwa na khanga tatu, mbili kati yake za kuazima. Alimtazama Tuhfa, na kwa mara ya kwanza Tuhfa naye akamtazama bila wimbo. Wote wawili wakainua mikono. Kikundi kikapewa jina la Umoja.

Hakuna haja ya kudharau yaliyofuata. Rahila aliolewa na sanduku lililojaa. Wanawake ambao hawakupata kuvuka mto Sigi walipanda lori na kuona Korogwe, Lushoto, hata Dar es Salaam, ambako waliimba mbele ya viti vya vitambaa na kupewa soda. Waliimba kuhusu kilimo na kuhusu walanguzi. Nyimbo zilipitiwa kwanza ofisini, si kwa ubaya. Fanueli alikuwa akiondoa majina ya watu na matusi, na kuongeza ubeti wa shukrani. Za zamani, zile za Waridi na Kidani, ziliwekwa kando kwa sababu zilikuwa za mafarakano.

Mwaka mmoja walialikwa Maramba, kwenye sherehe ya wakulima. Maramba ndiko Tahiri alikokuwa na shamba lake la mihogo na machungwa, na siku hizo alikwenda huko mara kwa mara akakaa. Bi Mwatumu aliimba. Katikati ya watu alimwona mwanamke mdogo wa umri, amembeba mtoto mgongoni, na mtoto yule alikuwa na masikio ya Tahiri, yale masikio yaliyosimama kama mishikio ya birika. Hakukosea sauti. Aliimba mpaka mwisho, akashukuru, akanywa soda.

Wakati wa kurudi, mchana wa jua kali, lori likirusha vumbi jekundu, alijikuta amekaa bega kwa bega na Tuhfa juu ya magunia. Hakujua neno lilitokaje.

"Nimemwona mke mwenzangu," alisema. "Wala sikuwa najua kuwa ninaye."

Tuhfa alikuwa akitafuna tambuu lake. Hakumwuliza nani wala wapi. Alifungua kijaluba akamtengenezea na yeye, akapaka chokaa kwa kidole, akakunja jani, akamtia mkononi.

"Ule wimbo wako wa kwanza," alisema Tuhfa, "wa tuletee tawi moja. N'lidhani umejua, mwenzangu. Sikulala."

"Kujua nini?"

"Baba hakuwa na mikarafuu. N'likwenda Pemba alipokufa, n'kadai fungu langu. Ndugu zangu wa baba wakanambia mikarafuu ilikuwa ya tajiri wake, yeye akichuma tu. Wakanipa pakacha la makonyo. Vile vijiti vya vishada, karafuu zimeshapukuchuliwa. N'karudi nayo Tanga, n'kayaficha chini ya kitanda, ili nyumba inukie."

Walitafuna hadi mjini. Kuanzia siku hiyo Tuhfa akawa akija uani kwa Bi Mwatumu na kumkunia nazi, na watu waliokuwa wakiwajua zamani walipita wakirudi nyuma kutazama. Ulikuwa urafiki wa kweli, wa watu wawili waliochunguzana kwa chuki miaka mingi na kujikuta hawana kitu kipya cha kuulizana. Tahiri hakuambiwa kitu. Tuhfa hakumwambia mtu.

Lakini kulikuwa na arusi moja, ya familia mbili kubwa, ambapo kila upande uliwaalika Umoja, kwa kuwa hapakuwa na wengine. Walijigawa. Nusu wakakaa kwa bibi arusi, nusu kwa bwana arusi, wote na khanga zilezile. Walipokutana njiani, wakaimba wimbo wa tamasha, wote kwa pamoja, wakapishana. Mzee mmoja barazani aliyekuwa amesimamisha mchezo wa bao ili asikilize, alingoja kidogo, akauliza, "Wameshamaliza?" kisha akarudi kwenye kete zake.

Bi Mwatumu alilisikia neno lile, na likabaki. Usiku na mchana aliligeuza. Akajaribu kukumbuka wimbo wa mwisho alioutunga yeye, na akafika kwenye mwaka wa lile darasa lenye madawati ya watoto. Alipokuwa na adui, nyimbo zilimjia akipika, akifagia, akioga. Sasa alikaa mbele ya sufuria, na kichwani mlikuwa na mlio wa mafuta tu.

Ikaingia enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya barabara kuu yakajaa khanga, za India na za kwetu, za rangi ambazo hazijapata kuonekana, na kwenye kila uwanja ikamwagwa mitumba. Kile kilichowaunganisha kikawa kinauzwa kwa kila mwenye pesa. Ruzuku ya serikali ikapungua, ikakatika. Lori likarudishwa lilikotoka. Umoja walibaki na chumba, ngoma zenye ngozi iliyolegea, na mazoea.

Fanueli, ambaye sasa alikuwa na kitambi na watoto, alikuja tena, uso umechangamka kama siku ile ya kwanza. Kulikuwa na mfuko mpya wa utamaduni, wa wafadhili, mkubwa kuliko ule wa zamani. Utatoa ruzuku kwa miaka mitatu, na posho kwa kila mwanachama kila mwezi. Kamati inakuja kusikiliza vikundi. Wanachotaka ni wimbo mmoja mpya, uliotungwa na kikundi chenyewe, haujapata kuimbwa.

"Mmoja tu, mama," alisema Fanueli. "Ninyi mlikuwa mkitunga saba kwa arusi moja."

Wanawake wote wakamtazama Bi Mwatumu. Mwanasiti, ambaye mumewe alikuwa amepunguzwa kiwandani na ambaye alikuwa akimwozesha binti mwezi ule ule, alimshika mkono. "Somo, nnakutegemea weye. Mie najua kupiga tu."

Bi Mwatumu na Bi Tuhfa walikaa uani wakatunga. Yaani walikaa.

"Anza weye," alisema Tuhfa.

"Tanga yetu ni nzuri," alisema Mwatumu.

"Eeh. Ina bandari."

"Na mkonge."

"Na mkonge, naam." Tuhfa akatema tambuu. "Shoga, hata mbuzi angelala."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha, wakatazamana, na kila mmoja akaona kwa mwenzake kitu ambacho hakukitamka.

Wimbo ulimjia Bi Mwatumu baada ya siku chache, asubuhi, tui linakatika. Ulikuja mzima, na sauti yake, na pale pa kuvuta pumzi. Ulikuwa wimbo wa makonyo: mwanamke aliyebeba konyo lisilo karafuu kutoka ng'ambo ya bahari, akalificha chini ya kitanda, na nyumba ikanukia utajiri ambao haukuwa wake. Haukuwa na jina la mtu. Haukuwa na kejeli hata kidogo. Ulikuwa na huruma iliyokuwa kali kuliko kejeli. Alijua, bila furaha yoyote, kwamba katika maisha yake hajatunga kitu kizuri namna ile, na kwamba kamati itasimama. Wageni kutoka Dar es Salaam hawangejua unamhusu nani. Mabawa yote na Msambweni yote ingejua kabla ya adhuhuri.

Siku ya kamati aliuvaa moyo wake kama alivyoivaa khanga. Ukumbini walikaa watu wanne nyuma ya meza yenye chupa za maji. Wanawake walisimama kwa mstari, pembe mikononi. Mwanasiti alianzisha ngoma. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Sasa ule mpya, tafadhali."

Bi Mwatumu alifungua kinywa. Kulia kwake alisimama Tuhfa na pembe yake, amenyoosha shingo, tayari kuitikia chochote mwenzake atakachokitoa, na usoni mwake mlikuwa na imani kamili. Wimbo ulikuwa umefika kwenye ulimi. Bi Mwatumu aliumeza. Akaimba ule wa kilimo.

Kamati haikuwa na ubaya. Mwenyekiti alisifu pembe, akasema wimbo wanaufahamu, ulikwishaimbwa redioni. Walikaa faragha na Fanueli, na baada ya muda akatoka akiwa na suluhisho. Umoja watapewa nafasi, kwa sharti. Mfuko utatafuta mtunzi, kijana msomi wa muziki. Atawaandikia nyimbo kila mwaka kufuatana na mada itakayotakiwa, nao watazifanyia mazoezi.

"Mmesalimika," alisema Fanueli akijipangusa jasho. "Hata kazi ya kutunga mmepunguziwa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanasiti alilia. Bi Mwatumu alimtazama Tuhfa, naye alikuwa akipiga vigelegele pamoja na wengine, kwa sauti nzuri, na macho yake hayakuwamo.

Njiani kurudi, Bi Mwatumu aliwaza kwa utulivu uliomshangaza. Kwanza walipewa khanga, na wao wakatoa ugomvi. Sasa wanapewa nyimbo. Hakuona mtu wa kumlaumu. Fanueli alitaka kuwaokoa na kwa namna yake aliwaokoa. Bila yeye, pembe zingeuzwa mwaka ule wa sabuni ya vipande. Lakini vugo lililookolewa lilikuwa kama samaki aliyetolewa majini asije akazama.

Arusi ya binti wa Mwanasiti ilifika wiki hiyohiyo. Bwana arusi alikuwa Fadhil, mtoto wa dada yake Tuhfa, wa Msambweni. Kwa hiyo Bi Mwatumu alikuwa upande wa bibi arusi, na Bi Tuhfa upande wa pili. Wanawake wote walivaa khanga za Umoja. Bi Mwatumu alitoka nyumbani amevaa khanga ya Waridi, ile iliyopauka, ina kiraka begani.

"Somo, sare yako iko wapi?" aliuliza Mwanasiti.

"Imelowa."

Walikutana na upande wa Msambweni kwenye njia panda, asubuhi, jua limepanda. Pembe zililia wimbo wa tamasha. Bi Mwatumu akainua kijiti chake juu, pembe zikanyamaza moja moja, kwa mshangao tu. Akapiga hatua mbili mbele, akasimama mbele ya Tuhfa, karibu hata akainusa hiliki ya tambuu lake.

Ulikuwa simba jike, mtaa ukikimbia,
leo paka wa ofisi, maziwa wakugawia,
kama ungali na kucha, nikwaruze nitalia.

Hakuna aliyeitikia. Kisha barazani mtu akacheka, mmoja, halafu wengi, kicheko kilichokuwa kimekaa miaka bila kazi. Tuhfa hakucheka. Uso wake ulifunga polepole kama dirisha linalovutwa na mtu aliye ndani. Alifungua fundo la khanga ya Umoja iliyokuwa begani mwake, akaiacha ianguke vumbini, akageuka na kuondoka. Wanawake wa Msambweni walisitasita, wakamfuata.

Siku ya pili Mwanasiti alikuja uani, hakukaa.

"Umefanya nini, Mwatumu? Kwenye arusi ya mwanangu?"

"Nimeimba."

"Umeimba posho yangu! Bwana Utamaduni ameshaambiwa. Kikundi chenye ugomvi hakipewi kitu, wamesema. Weye una mafuta yako ya kuuza. Mie nna nini? Ngozi ya ngoma nitaila?"

Mwanasiti alisema kweli. Nafasi ilikwenda kwa kikundi cha mji mwingine. Chumba cha mazoezi kilikodishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba, akakijaza marobota mpaka dirishani. Fanueli hakuja kugomba. Alituma salamu tu. Ilibaki fungate.

Siku zikapita. Bi Mwatumu alikuna nazi peke yake na kutega sikio. Hakuogopa matusi. Aliogopa kimya, kwamba amempoteza rafiki na adui kwa wimbo mmoja. Na kulikuwa na woga wa pili, uliokuwa chini ya huo: Tuhfa alikuwa na neno la Maramba. Mtu aliyeaibishwa njia panda ana haki ya hasira, na hasira yaweza kusahau sheria. Tahiri alikuwa shambani wakati ule. Kila mara alipowaza masikio ya mtoto yule yakiimbwa mtaani, aliiacha mbuzi ya kukunia akaenda kuchungulia mlangoni.

Siku ya mwisho ya fungate, jua likiwa juu ya paa, alizisikia. Mwanzoni alidhani ni mvua ya mbali juu ya mabati. Zilikuwa pembe, chache, zimekosa mazoezi, zikija kutoka upande wa Msambweni. Alifunga mlango wa mbele, kama desturi inavyomtaka anayejibiwa, akasimama nyuma yake, paji la uso limegusa mbao. Sauti ya Tuhfa ilikuwa imezeeka. Ilikuwa na kutu, na ndani ya kutu kulikuwa na wembe.

Paka nimekuja kwako, sikuja kunywa maziwa,
nafuata panya buku, alonona kwa kupewa,
sahani tulila sote, leo ni mimi nasutwa.

Mtaa ukapiga kelele. Majirani walikuwa wametoka. Alisikia kandambili zikikimbia. Pembe zikagongwa upya, na Tuhfa akaingia ubeti wa pili, polepole zaidi, kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta kitasa.

Mlango umeufunga, wajificha peke yako,
mumeo yuko shambani...

Bi Mwatumu alizishika mbao kwa mikono miwili. Pembe zililia mzunguko mmoja, zikalia mwingine. Tuhfa alikuwa akimchelewesha, na alijua kwamba anachelewesha, na alijua aliye nyuma ya mlango anajua.

...kachoka na domo lako,
na jogoo wa jirani kahama kelele zako.

Kicheko kilipasuka barabara nzima. Hata mwenye jogoo alicheka. Tuhfa alikuwa amelipita neno la Maramba bila kulibishia hodi, na hakuna mtu hata mmoja pale nje aliyejua kwamba kulikuwa na neno la kupitwa.

Uani, sufuria lilikuwa limeanza kuungua. Harufu ya tui lililoshika chini ilimfikia, kali, ya hasara. Hakwenda kuliipua. Wimbo wa makonyo ulikuwa bado umekaa mahali pake, mzima, mzuri, na alijua utakaa hapo mpaka azikwe nao. Alipangusa macho kwa ncha ya khanga ya Waridi. Nje pembe zilikuwa zikiondoka, na tayari midomo yake ilikuwa ikicheza, ikihesabu mizani, ikitafuta kina cha kumkasirisha Tuhfa.